Jiwe Chini ya Kiti

Breki ya mkono ya gari langu ni jiwe.
Nililiokota Panzi, mwaka ule wa mvua nyingi,
jeusi, ukubwa wa kichwa cha mtoto mchanga
(mimi ni mkunga, napima hivyo).
Nikisimama mlimani Kadutu nashuka mbio
kabla gari halijaamua lake,
nalisukuma jiwe nyuma ya tairi,
ndipo nasalimia watu.

Nililinunua kwa likelemba ya wodi.
Wakunga kumi na mmoja, zamu yangu ya tisa.
Toyota. Nimelizidi umri, lakini si kwa mbali.
Usukani uko kulia, na barabara yetu ni ya kulia,
kwa hiyo mimi naona mtaro, nyasi, mbuzi;
lori linalokuja ni kazi ya aliyeketi kushoto.
Nabintu amekuwa macho yangu miaka minne:
Ngoja. Ngoja. Bado. Sasa!
Siku moja alisinzia.
Hatujawahi kuizungumzia.

Kumiliki gari ni kunyonyesha:
hujafumba jicho, limeshalia.
Leo betri, kesho plagi,
kesho kutwa ile taa nyekundu yenye umbo la birika.
Nikadhani linataka chai.
Lilitaka oili. Nilielewa baada ya kilomita arobaini
na dola mia mbili.

Mwezi wa tatu ikaja sauti.
Kwiii, nikikanyaga mafuta.
Kimya, nikifika kwa fundi:
adabu tupu,
kama mume mkorofi mbele ya wakwe.
Mchungaji akasema ni mkanda.
Muuza sambaza wa Nyawera akasema ni beringi.
Shemeji yangu, asiye na hata baiskeli,
akasema uza.

Fundi Cirimwami hakusema kitu.
Garaji yake ni kivuli cha kontena, kule Essence,
na kiti kilichong'olewa kwenye basi, cha wateja.
Akawasha injini. Akachukua bisibisi ndefu,
ncha akaiweka kwenye chuma, mpini sikioni,
akafumba macho.

Nikacheka, maana mtu huyo namjua.
Ni mimi, saa tisa za usiku,
na ile pembe ya mbao tumboni mwa mama,
nikimwambia mumewe anyamaze.

Nipe nami, nikasema.

Nikaanza na alternata: mzima huyu.
Nikasogea kwenye pampu ya maji.
Chini ya mngurumo, mbali,
mkwaruzo,
kama mchanga ndani ya sombe.
Ni huyu.
Akachukua bisibisi, akasikiliza, akakawia kujibu.
"Mama, hapa tunatafuta mwanafunzi."

Kisha bei.
Mpya ya kweli, tisini.
Mpya ya uongo, thelathini na tano.
Iliyotolewa kwenye gari lililokufa, hamsini,
"na mimi ningechukua hiyo,
marehemu alitunzwa."
Nikachukua ya marehemu.

Siku tatu baadaye, mlimani, foleni imesimama,
nikavuta ile breki ya mkono, mazoea tu ya mkono,
na gari likatii.
Alikuwa ameikaza kebo bila kuniambia,
bila kuiandika kwenye karatasi ya deni.
Nilibaki nimekaa.
Sikujua niifanyie nini miguu yangu.

"Sasa jiwe tulitupe?" akauliza Nabintu,
na tayari alikuwa ameinama kulitoa.

Mbele yetu teksi ilikuwa inarudi nyuma,
taratibu, kama mtu anayekumbuka alichosahau nyumbani,
dereva amesimama karibu wima juu ya breki,
na kwenye kioo cha nyuma mtoto
amebana pua, ananitazama.

Lete, nikasema.
Nikashuka mbio.